Figo za Ukoo Wetu: Kutoka Jorodom hadi Moshi

Haydom tunaifahamu. Hospitali ile ya Walutheri ipo tangu 1955, na sisi wa Jorodom tukiugua ndiko tunakokimbilia. Safari hii aliyeugua ni kaka yangu. Ubavu wa kushoto ulikuwa ukimkamata usiku hadi anatambaa sakafuni, mkojo unatoka na damu. Mpimaji wa altrasaundi alikizungusha kifaa chake tumboni mwa kaka kwa muda mrefu bila kusema neno. Baadaye tukaambiwa kuna jiwe, na zaidi ya jiwe, figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji. Tukapewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Mimi sikuwa nimewahi kuvuka Babati.

Tulipita Basotu, katikati ya mashamba ya ngano, tukalala Katesh kwa shangazi. Alfajiri tukapanda basi la Arusha. Pembeni yetu alikaa mama wa Kidatoga mwenye bangili za shaba hadi karibu na kiwiko. Alipomwona kaka anavyojikunja, akamsogezea chupa yake ya maji. Kaka akakataa. Aliogopa kumsumbua kondakta kila mara basi lisimame abiria wakachimbe dawa, kwa hiyo tangu Katesh hadi Arusha alikuwa amefunga mdomo, jua linamwakia dirishani. Nilimwonea huruma na nikaona ana busara.

Mimi nilikuwa na kazi ya kushangaa. Pale Minjingu, penye kiwanda cha mbolea, niliona vumbi jeupe limelala juu ya miti. Arusha ilinitia kizunguzungu: watu wengi kiasi kile, na hakuna anayemsalimu mwenzake! Kwetu ukimpita mtu njiani bila salamu ndefu utaulizwa mmegombana nini. Jioni tulipokaribia Moshi, nilitafuta Kilimanjaro chini ya mawingu, usawa ambao macho yangu yamezoea kuuona Hanang. Hanang una zaidi ya mita 3,400 na niliamini hakuna wa kuupita. Abiria mmoja akanigusa bega, akasema, “Dada, tazama juu.” Juu ya mawingu, mahali nilipodhani ni mbingu tupu, kulikuwa na mlima mwingine wenye theluji. Mita 5,895! Nilimwamsha kaka aone. Akaangalia, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kesho yake hospitalini daktari alianza na jambo ambalo sikulitegemea. Hakumgusa kaka. Alichukua karatasi, akauliza baba yetu alikufa na nini. Tukasema alivimba miguu na uso, kichwa kilimuuma miaka, watu wakasema karogwa. Na baba yake baba? Na shangazi? Huku sisi tunajibu, yeye anachora: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya ndoa na watoto. Nyumbani wazee wanautaja ukoo vizazi na vizazi bila karatasi, lakini wanautaja kwa ajili ya mashamba na ng'ombe. Sikuwahi kusikia ukoo ukihesabiwa kwa figo.

Alituambia ugonjwa huu wa vifuko vya figo unashuka kwa vinasaba, mara nyingi kwenye kromosomu ya 16, kwa wengine ya 4. Mzazi mmoja akiwa nao inatosha. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuupata, awe wa kiume au wa kike. Neno hilo la mwisho lilinichoma. Mimi binti sikupewa shamba la baba, kwa kuwa nilitarajiwa kuolewa. Urithi huu hauulizi nani ataolewa.

Na jiwe je? Akasema kati ya wenye figo za namna hii, takriban mmoja kati ya watano hupata mawe, na tafiti nyingine zinakaribia mmoja kati ya watatu. Vifuko hubana njia, mkojo unatuama, na sitreti, ile kemikali inayozuia chumvi isigande, mara nyingi inakuwa pungufu. Hapo nilielewa haraka, maana Ziwa Balangida tunalijua: kiangazi maji yakisimama na kukauka, chumvi inabaki imeganda juu ya tope. Mawe ya wagonjwa hawa mengi ni ya asidi ya yuriki au kalsiamu oksaleti.

Walimpitisha kaka kwenye siti-skani, kitanda kinachoingia chenyewe ndani ya pete kubwa. Sababu yake ilinipendeza: kuta za vifuko vya zamani huweza kukakamaa kwa kalsiamu zikadanganya kwenye altrasaundi zionekane jiwe. Tena ubavu huweza kuuma kwa kifuko kilichovuja damu au kilichoingiwa na maambukizi, na kila kimoja kina tiba yake. La kaka lilikuwa jiwe kweli, dogo, limenasa kwenye mrija unaoshuka kibofuni.

Hakupasuliwa. Alipewa dawa ya kulegeza mrija, akaambiwa aachane na vidonge vya diklofenaki alivyokuwa akinunua dukani kwa ajili ya mgongo, kwa kuwa vinaziumiza figo. Presha yake ilikuwa juu, ikaanzishiwa dawa. Na maji: lita tatu kwa siku. Kaka alishika kichwa. Kwetu maji yanaletwa na punda, na mchungaji anaondoka asubuhi na maziwa mgando kwenye kibuyu, harudi hadi jioni. Alikunywa hivyo hivyo, akikojoa juu ya chujio la chai nililolinunua sokoni. Siku jiwe lilipotoka hatukuamini: chembe ya kahawia, ndogo kuliko punje ya mtama, ndiyo iliyomlaza chini mwanamume mzima.

Nami nilipimwa. Vifuko ninavyo, pande zote mbili; presha bado ni nzuri. Nililia kidogo, kisha nikauliza nilichotaka kujua: figo zikichoka kabisa? Kuna kusafishwa damu, na kuna kupandikizwa, jambo lililoanza kufanyika hapa nchini Muhimbili 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, 2018. Lakini si kila mwenye vifuko hufika huko, na presha ikishikwa mapema figo hudumu zaidi.

Tuliporudi kaka alikuwa na madumu mawili ya maji miguuni, na kila penye kichaka alimwomba kondakta asimamishe. Hakuna aliyenung'unika.

Ndugu zangu wa Jorodom, hasa watoto wa baba wakubwa, wadogo na mashangazi: altrasaundi ipo Haydom, kupima presha ni dakika chache. Nendeni, na mabinti nao waende.