Wazimu wa Watengeneza Kofia

Mama mwenzangu, je, umewahi kuwasikia Waingereza wakisema kwamba mtu fulani ana wazimu kama mtengeneza kofia? Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi niliukuta msemo huo kitabuni, nikacheka. Siku nilipotembelea Stockport, mji ulio karibu na Manchester, kicheko kiliniisha.

Ukitoka Manchester kwa treni, unaingia Stockport juu ya daraja refu la matofali lenye matao 27, lililokamilika mwaka 1840. Chini yake, katika kiwanda cha zamani cha pamba, kuna jumba la makumbusho ya kofia. Mji huu uliishi kwa kofia. Hata timu yake ya mpira, Stockport County, hadi leo hupewa jina la utani la Watengeneza Kofia.

Kofia nyingi zilitengenezwa kwa manyoya ya sungura. Ili manyoya yashikamane vizuri, mafundi wa zamani waliyapaka dawa yenye zebaki, nayo yakageuka rangi ya karoti. Kisha yalitiwa mvuke na moto, na mafundi wakavuta hewa ya zebaki kutwa nzima. Baada ya miaka kadhaa mikono ilitetemeka, meno yakalegea, wakawa waoga, wasahaulifu na wepesi wa hasira. Majirani walidhani ni wazimu, kumbe ni sumu! Huko Danbury, Marekani, walikotengeneza kofia pia, watu waliita hali hiyo mtetemeko wa Danbury. Jimbo lao lilikataza zebaki katika kazi hiyo mwaka 1941.

Nikiwa mle ndani nilimkumbuka mama mmoja aliyekuja kliniki kwetu na mtoto wa miezi minne. Uso na miguu vilikuwa vimevimba, na mikono ikitetemeka. Mumewe alisema, "Sista, siku hizi mke wangu ana hasira za ajabu." Mkobani mwake tulikuta krimu ya kung'arisha ngozi, isiyo na lebo. Katika hospitali ya rufaa vipimo vilionyesha zebaki mwilini. Figo zilikuwa zimeanza kudhurika.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana huwekwa katika baadhi ya krimu na sabuni. Lakini hupenya ngozini, huumiza figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto tumboni na katika maziwa ya mama. Hata taulo na mashuka hubeba sumu hiyo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unapinga vipodozi hivyo, ila bado vinauzwa kwa siri.

Kwa hiyo, dada yangu, leo jioni fungua kabati lako. Krimu isiyo na lebo, au yenye maandishi ya zebaki au kalomeli, usiipake tena. Kama umeshaitumia, nenda hospitali ukapimwe, na krimu yenyewe uibebe. Usione haya. Hakuna atakayekucheka.