Sindano ya Wote

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Edinburgh, heroini ilipatikana kirahisi kuliko sindano ya kujidungia. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi huko, binti wa Tanga, na vijana wa mtaa wa Muirhouse niliwajua wodini: mikono imejaa majipu, macho ya manjano kwa homa ya ini. Zamani walinunua sindano katika duka la vifaa vya hospitali, mtaa wa Bread Street. Duka likaacha kuziuza, wenye famasi nao wakagoma kuwauzia. Barabarani polisi wakazidisha upekuzi. Ukikutwa na sindano wanaichukua, na inaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yako.

Kijana mmoja, hata miaka ishirini hajatimiza, alinitolea yake soksini. Alama za vipimo zilishafutika kwa kushikwashikwa. Ncha ikiwa butu waliinoa kwenye ubavu wa kiberiti.

"Sista, hii ni ya wote pale nyumbani."

"Kwa nini usiwe na yako?"

"Nitembee nayo kila siku? Wakinishika je?"

Ndivyo sindano zilivyolala ndani ya nyumba chache, mtu akaenda na unga wake, akajidunga, akampisha mwenzake.

Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilipopatikana mwaka 1985, Dakta Roy Robertson wa Muirhouse na wenzake walipima damu ya watumiaji 164 wa heroini, nyingine ikiwa imehifadhiwa tangu uchunguzi wa homa ya ini. Zaidi ya nusu walikuwa navyo. Glasgow, mwendo wa kama saa moja kwa treni, heroini ilijaa vilevile, ila maambukizi yalikuwa machache mno. Polisi wa Edinburgh hawakumwambukiza mtu, lakini upekuzi ule uliwafanya vijana waogope rumande kuliko damu ya mwenzao. Nimewazika kwa hilo, na bado linaniuma.

Mwaka 1987 huduma ya kubadilisha sindano ikafunguliwa Edinburgh. Ili upewe safi, ulete iliyotumika; maana yake upite nayo katika mitaa ileile ya upekuzi. Wengi hawakuthubutu. Mama mmoja alikuwa akileta za mwanawe ndani ya kopo la biskuti, chini ya viazi, kwa sababu kikapu cha mama atokaye sokoni hakikuwa kikipekuliwa. Baadaye akaanza kuleta na za vijana wa jirani.