Mume wa Bibi

Bibi yangu ana miaka 68. Tangu nikiwa mdogo ananiita mume wangu, nami humtania kwamba mahari yake nitamalizia mwezi ujao. Lakini jioni ile, uani kwetu Temeke, aliponiita "mume wangu" nilijua leo hatanii.

"Yule fundi cherehani amenitaka," alisema huku akipeta mchele. "Mzee wa watu, mkewe kafa miaka mingi. Nami nimekubali. Sasa nataka uninunulie mipira."

Ndugu msomaji, nilidhani mpira wa maji. Nikamuuliza wa mita ngapi!

Bibi alicheka hadi mchele ukamwagika. "Kondomu, mjinga wewe!"

Nikabaki mdomo wazi. Sisi vijana soksi tunazitaja vijiweni bila haya, na fulani akiugua tunasema kakanyaga miwaya. Kumbe haya yote tumewawekea wazee. Nikaropoka: "Sasa Bibi, mimba wewe utaipatia wapi?"

Akauweka ungo chini.

"Mama yako alikufa mwaka 1998 mikononi mwangu. Wewe una miaka mitatu. Nilikuwa nambeba kumpeleka bafuni kama ninavyokubeba wewe. Dawa hizi za kurefusha maisha hatukuwa nazo. Unadhani huo ugonjwa ukinikuta mimi leo utaniamkia shikamoo, kisha upite?"

Sikuwa na jibu. Zahanati anakokwenda Bibi wanampima presha na sukari. Kuhusu mapenzi hajaulizwa hata siku moja. Tena si wao tu. Tafiti za kitaifa za UKIMWI za 2003-04, 2007-08 na 2011-12 zilipima watu wa miaka 15 hadi 49. Aliyevuka hapo, hesabuni hakuwemo.

Kesho yake nikapanda daladala hadi Kariakoo, nisikojulikana. Dada wa duka la dawa akanitolea pakiti bila hata kuniangalia. Nilipong'ang'ania pale ndipo akauliza kulikoni. Nikasema kwa sauti ya chini: "Ni za bibi yangu."

Hakucheka. Aliniambia mwanamke akishakoma hedhi, mimba haipo tena, lakini huko ndani huwa pakavu na ngozi huchubuka upesi, na palipochubuka virusi hupenya kirahisi. "Basi wasifanye haraka. Na wasipake mafuta ya nazi wala ya mgando, yanaharibu mpira, unapasuka. Akiumia, amwone daktari, asivumilie kwamba ni uzee."

Haya yote ilibidi nimfikishie Bibi! Mama yangu angekuwa hai asingeweza kumwambia. Mtoto na mzazi wana mipaka. Mjukuu anaweza. Nilianza kwa mzaha kwamba nimekuja kumfunda biharusi, nikamaliza yote nikiangalia ukuta.

"Fundi je, atakubali?" nikauliza.

"Alisema yeye ni mtu mzima, hana tabia za kihuni. Nikamwambia hata mkwe wangu nilimdhania hivyo hivyo. Jumatatu tunakwenda kupima wote wawili. Asipotokea, posa yake imekufa."

Akafungua pakiti, akaisogeza kwenye taa, akaikodolea macho. Maandishi madogo mno.

"Nisomee, mume wangu. Mwisho wake lini?"

Nikamsomea mwezi na mwaka. Akaniambia nirudie. Nikarudia, naye akazifunga kwenye pindo la khanga.