Kwa mpwa wangu wa Lubondja, kuhusu flashi ya kusakinishia

Mpwa wangu,

Ujumbe wako kuhusu laptopu ya shule nimeusoma. Tafadhali usiwaambie walimu kwamba diski imekufa. Diski ni nzima, ila flashi yako haiitambui.

Umesema mashine ni Intel ya kizazi cha 11, na Windows 10 ikifika mahali pa kuchagua diski inaleta orodha tupu. Tangu kizazi hicho kilipotoka mwaka 2020, laptopu nyingi huweka diski ya NVMe nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na draiva yake haimo kwenye flashi yako. Mambo haya si mapya. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, kabla USB 3.0 haijaenea, kwa hiyo mashine za Intel za kizazi cha sita zilipokuja mwaka 2015, kibodi na mausi vilikuwa vinazimika katikati ya usakinishaji, na mafundi wengi wakadhani ubao umeharibika.

Shusha draiva ya VMD kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, uifungue mpaka uone faili la .inf, kisha uweke folda hiyo kwenye flashi. Orodha ikija tupu, bonyeza kitufe cha kupakia draiva, uionyeshe folda. Kuna wanaozima VMD kwenye BIOS. Mimi sipendi njia hiyo: kama ndani kuna Windows iliyosakinishwa VMD ikiwa imewashwa, kwa kawaida haitawaka.

Lakini kwa kuwa utakutana na mashine nyingine kama hiyo, nataka uirekebishe flashi yenyewe kwa DISM, zana ya Windows ya kurekebisha faili za kusakinishia. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Wanatia draiva ndani ya install.wim peke yake, halafu wanashangaa diski bado haionekani. Kinachotafuta diski ni boot.wim, tena sehemu yake ya pili. Tia draiva kote kuwili. Na ndani ya install.wim ongeza draiva ya Wi-Fi. Fundi wa mjini akiisahau atachomeka waya wa mtandao. Wewe huko utabaki na mashine isiyoweza kushusha draiva kwa sababu haina draiva. Kwa hiyo nunua mega zako na ushushe kila kitu ukishuka hapa Baraka, kabla ya kupanda tena Lubondja.

Kwa laptopu za shule, mimi ningechagua Debian badala ya Windows. Tangu toleo la 12, la Juni 2023, flashi yake rasmi inakuja na faili za kuendeshea kadi nyingi za Wi-Fi, ambazo zamani ulilazimika kuzitafuta mwenyewe. Na VMD inaitambua bila msaada. Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Waeleze walimu hayo, wachague wenyewe.

Mwanangu, nakusihi jambo moja: diski ikishaonekana, usifute chochote kabla hujanakili kazi za walimu na orodha za wanafunzi mahali pengine, ukazifungua na kuhakikisha zinasomeka.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako, Baraka