Kwangu Inafunguka

Mama ana stoo ya mahindi Moi's Bridge, pale Uasin Gishu inapopakana na Trans Nzoia. Wazee wengine ukiwatajia Hoey's Bridge, jina la zamani, wanajua unaongelea wapi. Huku gunia la kilo 90 ndilo akiba. Wakulima wengine humwachia Mama magunia wakingoja bei ipande, na yeye huandika kila kitu kwenye daftari.

Mkataba wangu wa kazi Nairobi ulipoisha, nilirudi nyumbani na laptopu yenye Ubuntu na kiburi kidogo. Nikaona daftari limechakaa, nikasema, "Mama, nitakutengenezea programu." Akasema sawa. Mama hapendi kumvunja mtu moyo.

Nikaiandika kwa Python, wiki mbili. Kwangu ilifunguka vizuri kabisa. Nikaifungasha kwa PyInstaller, nikaitia kwenye flashi, nikaenda nayo stoo. Kompyuta ya Mama ni ya zamani: Windows 7, biti 32. Nikabofya. Windows ikaniuliza nataka kuifungua kwa programu gani. Nilijua tatizo kabla sijakaa vizuri: PyInstaller hufungashia mfumo ule ule inaotumika juu yake. Ukifungashia kwa Linux, unapata kitu cha Linux. Basi.

Nikaazima laptopu ya rafiki, Windows 11, nikafungasha upya. Bado. Yake ilikuwa biti 64 na Python mpya, na toleo la mwisho la Python kukubali Windows 7 ni 3.8. Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020. Lakini mashine ya Mama haijui imestaafu. Inawaka kila asubuhi.

Mwishowe niliweka Python 3.8 ya biti 32 kwenye kompyuta hiyo hiyo, nikafungashia hapo hapo juu ya kaunta, vumbi la mahindi likiingia kwenye kibodi. Ikafunguka. Dadangu aliye na MacBook akasema naye anataka yake. Nilipoona kwamba Apple hutoza dola 99 kwa mwaka ndipo programu yako itambulike rasmi bila kumtisha anayeifungua, nikamwambia asubiri.

Nilidhani kazi imeisha. Kazi ngumu, kumbe, ilikuwa imekaa kimya.

Nilikuwa na faili mbili. *Mahindi.csv*, kwa herufi kubwa, iliweka magunia yaliyoletwa kuhifadhiwa. *mahindi.csv*, kwa herufi ndogo, iliweka yaliyouzwa. Majina mabaya, nakubali, lakini kwa Linux hizo ni faili mbili. Kwa Windows, kwa kawaida, ni faili moja. Kila programu ilipohifadhi mauzo, ilifuta orodha ya walioweka. Hakuna aliyegundua, kwa sababu Mama hakuwa akiifunga na kwenye skrini kila kitu kilionekana sawa. Halafu usiku mmoja stima ikapotea.

Asubuhi yake akaja mzee kutoka upande wa Matunda. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na alitaka kuuza magunia sita alipe karo ya mjukuu. Mama alikuwa ameenda sokoni. Nikafungua programu, nikatafuta jina lake. Halipo. Nikatafuta tena.

"Mzee, hapa sioni mahindi yako."

Aliniangalia kwa muda. Hakupaza sauti. "Kijana wangu, kwani hiyo mashine imekula magunia yangu?"

Nilianza kumweleza. Nilisema labda aliweka kwingine. Hilo neno bado linaniuma, kwa sababu nililisema nikiangalia skrini, sio yeye, wala magunia yaliyokuwa hatua chache nyuma yangu. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza. Mji huu ni mdogo. Stoo ikishukiwa mara moja, msimu unaofuata hakuna anayekuletea.

Mama akaingia, akauliza kuna nini, akainama chini ya kaunta. Akatoa daftari. Jina, tarehe, magunia 14, alama ya kidole gumba cha mzee. Hakuwa ameacha kuandika hata siku moja.

Mzee alilipwa. Nilimwomba msamaha, akasema hakuna neno, lakini alipita nyuma akahesabu yaliyobaki mwenyewe, moja moja, mpaka nane.

Jioni nilimuuliza Mama mbona hakuniambia kwamba haiamini programu yangu.

"Sikusema siiamini," akasema. "Lakini wewe ndiye uliiandika, na mimi ndiye nitaulizwa."

Nimebadilisha majina ya faili. Siku hizi sipeleki toleo jipya stoo kabla sijaingiza magunia ya uongo kwenye mashine ile ile, nikaizima kwa kuchomoa waya, nikaiwasha tena na kuhesabu. Na kila Jumamosi tunaketi, Mama na daftari, mimi na skrini, tunasomeana majina. Wiki iliyopita yalilingana yote. Mama aliandika tarehe, akafunga daftari, akalirudisha chini ya kaunta.