Njiti Wetu wa Moshi

Shangazi yangu mpendwa,

Nilifika salama jana usiku, na leo nimeamka mlima uko wazi, theluji yote inaonekana. Sijamaliza hata chai, ukajifunika tena.

Nilianzia Kiboriloni kutafuta kofia ya mtoto. Nikaona moja ya sufu, rangi ya maziwa. Muuzaji akataja 3,000, tukamalizana kwa 2,000. Kisha Mbuyuni, ambako mama mmoja alinijazia chupa ya mtori wa moto, ndizi zimepondwa mpaka zimelainika, na nyama ya mfupa ndani yake. Aliposikia ni wa mzazi, akaongeza upawa mmoja na hakunidai. Huku, Shangazi, mzazi ni mtori! Bahati mbaya bajaji iliruka tuta, kifuniko kikalegea, na khanga yangu ya bluu ikanywa karibu robo. Uliobaki ulitosha.

Nilipofika hospitali, mlangoni mwa wodi Sista alinionyesha bomba: vua pete, vua saa, nawa mpaka kwenye viwiko. Nilinawa mara mbili, maana mara ya kwanza nilisahau bangili.

Ndani nikamkuta nani? Mwanao, yule asiyetulia kitini, shati wazi, njiti wetu kalala kifuani pake ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa pembeni apumue vizuri, khanga imewafunga wote wawili. Wenyewe wanaita kangaruu. Wifi alikuwa amekwenda kuoga, baba akashika zamu. Wanapokezana hivyo mchana na usiku, kwa sababu mtoto mdogo kiasi hiki hana mafuta ya kutosha mwilini ya kumtunzia joto, basi analipata kwa wazazi wake. Sista alimpima: 36.8. Akatabasamu, nami nikapumua.

Ile kofia ilimshuka mpaka kidevuni! Sista aliikunja mara mbili ndipo ikakaa.

Kila baada ya saa mbili au tatu wifi hukamua maziwa kwa mkono. Siku zote yamekuwa yakipitishwa kwenye mpira mwembamba wa puani, yakiteremka taratibu. Leo wamejaribu kikombe kidogo kwa mara ya kwanza. Kaulamba kwa ulimi mdomo wa kikombe, kasita, kameza. Akina mama wa vitanda vya jirani wakapiga vigelegele kwa kunong'ona wasiwaamshe wengine. Sijapata kusikia vigelegele vitamu kama vile. Jana mzani ulionyesha gramu 1,575, leo 1,600.

Ukija Jumamosi, ile dawa ya kitovu uliyoniambia iache nyumbani. Sista anataka kitovu kiachwe safi na kikavu, kisipakwe kitu. Tuletee khanga kuukuu mbili tatu zilizokwisha lainika, zilizofuliwa na kuanikwa juani. Na ukiwa na mafua, nakuomba sana Shangazi, subiri upone kwanza. Mjukuu wako yupo, anakungoja.