Taa ya Mtu wa Mwisho

Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huondoka Kibo, mita zipatazo 4,700, kama saa sita usiku, wakielekea Uhuru, mita 5,895. Kila mmoja ana taa kichwani. Ukiwatazama kutoka chini huoni watu, waona msururu wa nukta nyeupe zinazofanana. Nukta moja ikibaki nyuma, nani atajua ni ya nani?

Ndiyo maana napenda mtu wa mwisho afungiwe taa ndogo ya rangi nyingine mgongoni. Baharini wapiga mbizi wa usiku hupendelea kijani, kwa kuwa maji humeza wekundu kwanza. Mlimani hakuna maji ya kuumeza, na taa nyekundu iliyofifia haiyaharibii macho yaliyokwisha kuzoea giza. Mwanga mkali mweupe ukiyapiga, huenda yakahitaji nusu saa kuzoea tena.

Lakini rangi peke yake haiokoi mtu. Hewa nyepesi humlegeza mpandaji, akaketi kimya bila kuita. Sharti aliye mbele ageuke mara kwa mara, ajiulize: ile nyekundu ingali inasogea?